Mama ana baridi yabisi, vidole vya miguu vimepinda na daktari kasema apasuliwe. Waliopitia hili naombeni mawazo

BintiWaKibosho

Habari zenu wana jukwaa, wakubwa zangu shikamooni. Mimi naishi Arusha ila mama yuko nyumbani Kibosho, ana miaka 61 na ana baridi yabisi, sio ile ya kusema mvua ikinyesha magoti yanauma, ni ile yenyewe ya viungo kuvimba na kuamka asubuhi mikono imekakamaa mpaka saa nne ndo inaanza kufunguka. Amekaa nayo kama miaka 17. Anatumia metho (methotrexate, dawa ya kutuliza baridi yabisi) kila Jumapili usiku, foliki asidi, na prednisoloni (ni steroidi, ya kupunguza uvimbe) kidogo kila siku. Mikono kwa sasa imetulia kiasi ila miguu jamani.

Vidole vinne vidogo vimejikunja kama makucha, kidole gumba kimelala kabisa mpaka kimeingia chini ya cha pili. Chini ya unyayo pale mbele ana sugu mbili ngumu, anasema kila hatua ni kama anakanyaga kokoto. Raba zake za mtumba amezikata mbele kwa kisu ili vidole vitokee nje na ndo anaendea nazo kanisani, mama yangu ambae zamani hatoki bila kiatu kinachong'aa. Majani ya ng'ombe hakati tena, shamba la chini hajafika tangu mwaka juzi.

Wiki iliyopita nikampeleka kwa daktari wa mifupa, wakapiga eksirei, akasema viungo vya mbele vimeshatoka mahali pake na dawa haiwezi kuvirudisha, akashauri kidole gumba kigandishwe kwa chuma kisikunje tena na vile vinne wakate vichwa vya mifupa inayokanyaga chini. Foleni ilikua ndefu, tukatoka na karatasi ya tarehe na maswali yote bado kichwani.

Sasa nyumbani hakukaliki. Kaka yangu mkubwa anasema mama umri umeenda aachwe. Shangazi anasema kisu kikigusa mguu wa mzee mwisho wake ni kukatwa, anatoa mfano wa jirani yetu, ila yule jirani alikua na sukari. Mama mwenyewe anasema nifanyeni chochote nivae kiatu. Naomba aliyepitia anieleze, atatembea kweli na kidole kisichokunja? Dawa anaacha? Miguu yote kwa mpigo au mmoja mmoja? Na mguu wa kushoto kifundo nacho kimelalia ndani, kisigino kinaangalia nje, hicho daktari hakukigusia na mimi nilisahau kuuliza.

---

mama_wa_njiro

Marahaba mwanangu, pole sana na umpe pole mama. Mimi nimefanyiwa hiyo hiyo, miguu yote miwili, mmoja kwanza na mwingine baada ya miezi 8, kwahiyo nakueleza kitu nilichokipitia mwenyewe.

Kutembea utatembea. Kidole gumba kigandishwe wala husikii kama kuna kitu kimepungua, kwasababu kile chake kilikua hakifanyi kazi siku nyingi, kilikua kinauma tu. Wanakigandisha kikiwa kimeinuka kidogo kwa mbele ili mguu ubiringike unapopiga hatua. Kitu ambacho hutaweza tena ni kiatu cha kisigino kirefu na kupiga magoti huku umekunja vidole kwa nyuma, mimi kanisani nakaa kwenye benchi wenzangu wakipiga magoti na padre anajua.

Wiki 6 za kwanza ndo kazi. Vidole vinatokezewa na waya kila kimoja, unaziona pale kwenye ncha, wamezifunika na vitu kama vifuniko vidogo. Ukivikwaruza na shuka usiku utaita mama yako aliyekufa. Nilipewa kiatu cha kukanyagia kisigino tu, mbele kuko hewani, na magongo, ila magongo na mikono ya baridi yabisi haviendani hata kidogo, mikono yangu ilivimba wiki ya kwanza tu ikabidi nipewe lile fremu la kuegemea kwa kiwiko. Hilo ulizia mapema kabla ya operesheni sio baada. Waya zilitolewa wiki ya 6, nesi alizivuta na koleo pale pale kliniki bila ganzi, nilikua nimeogopa mwezi mzima na ikaisha kabla sijamaliza Baba Yetu.

Mguu wa kulia kidonda kilifunguka kidogo pale kwenye mshono, kikachukua wiki 3 zaidi kufunga, kusafisha kila baada ya siku mbili. Kuvimba ndo kulichelewa kuisha, karibu mwaka, jioni mguu unajaa. Na vidole vyenyewe mwambie ukweli, vinakua vifupi na vilegevu, vinaelea, havikamati chini kama vya mtoto. Namba ya kiatu ilishuka kutoka 40 mpaka 38.

Lakini mwanangu zile kokoto zilikwisha. Kabisa. Jumapili niliyovaa kiatu cha kufunika nilikaa kwenye gari nikalia, mume wangu akadhani naumwa.

Mmoja mmoja ndo ushauri wangu, kama nyumbani hakuna watu wawili wa kumsaidia usiku. Ukifanya yote kwa mpigo hana mguu wa kusimamia na mikono haimbebi.

---

kaka_majengo

Dada mimi naona msikimbilie kisu. Mjomba wangu alikua na hali hiyo hiyo, hatembei, akapata unga wa mizizi kwa mzee mmoja njia ya Same, ndani ya wiki moja anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Jaribuni kwanza hiyo, mkishapasua hakuna kurudi nyuma.

---

nesi_wa_usiku

Kaka Majengo nakuheshimu na najua umesema kwa upendo, ila naomba nikuulize kitu kimoja, mjomba uso ulinenepa? Mashavu yakajaa na tumbo likatoka? Unga unaomwinua mtu aliyelala ndani ya wiki moja mara nyingi umechanganywa na steroidi, iko hivyo sehemu nyingi duniani imeshapimwa ikakutwa. Inazima uvimbe kweli, ila taratibu inakula mfupa, inapandisha sukari na presha, ngozi inakua kama karatasi, alafu mtu akija kupasuliwa kidonda hakifungi. Na mama huyu tayari yuko kwenye prednisoloni, akiongeza juu yake ile ya kwenye unga hatujui anakula kiasi gani. Alafu hata ingekua unga mzuri wa namna gani, mfupa ulioteguka na kukaa nje ya tundu lake kwa miaka haurudi kwa dawa ya kumeza, iwe ya hospitali iwe ya mizizi. Dawa inazuia viungo vilivyobaki visifike huko.

Sasa dada, mimi nafanya kazi chumba cha upasuaji, sio daktari, ila haya nayaona kila wiki.

Dawa. Watu wengi wakisikia operesheni wanaacha kila kitu wenyewe, na hapo ndo matatizo yanaanza. Metho kwa kawaida haiachwi. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2001 kwa wagonjwa 388 wa baridi yabisi waliofanyiwa upasuaji wa mifupa, walioendelea na metho walipata maambukizi na matatizo machache kuliko walioacha, na walioacha ndo ugonjwa uliwaamkia. Mtu akiamkiwa na ugonjwa wiki ya pili baada ya operesheni hawezi kushika gongo wala fremu, analala tu. Daktari anaweza kuisimamisha kama figo hazifanyi vizuri au kuna maambukizi, hiyo ni sawa, ila aseme yeye. Prednisoloni ndo kabisa asiiache ghafla, mwili ulioizoea miaka mingi hautengenezi ya kwake ya kutosha, presha inaweza kuanguka mezani. Ameze dozi yake ya kila siku, na mwambieni mtu wa nusu kaputi kwa mdomo wenu kwamba anaitumia na tangu lini. Wale wanaochoma zile sindano za kisasa za baridi yabisi ndo husimamishiwa na operesheni inapangwa dozi inapokua imeisha nguvu, mama yako hayuko huko.

Na metho ni mara moja kwa wiki, naandika hili kwasababu nimeshaona mtu analetewa na ndugu baada ya kumezeshwa kila siku, mdomo wote vidonda na damu imeshuka. Mkibadilisha anaemhudumia baada ya operesheni huyo mpya aandikiwe ukutani: Jumapili tu.

Jambo la pili ambalo watu hawalijui ni shingo. Baridi yabisi ya miaka 17 inaweza kulegeza mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo, na wakati wa nusu kaputi shingo inakunjwa kuweka mpira wa hewa, sasa kama imelegea uti wa mgongo unaweza kubanwa. Muulize mama kama anasikia ganzi mikononi, maumivu kisogoni, au kama shoti ya umeme akiinamisha kichwa. Hata kama hasikii ombeni eksirei ya shingo akiwa ameinama na akiwa ameinuka. Kwa bahati nzuri mguu unaweza kufanywa kwa ganzi ya mgongo au ganzi ya mguu wenyewe, anakua macho, lakini shingo lazima ijulikane kabla.

Na zile sugu ziangalieni chini yake. Sugu inaweza kuficha kidonda. Kukiwa na kidonda wazi au fangasi imepasua katikati ya vidole, kwanza ipone ndo chuma kiingie.

Kuhusu shangazi, mwelewesheni polepole tu. Yule jirani wa sukari mguu ulikatwa kwasababu damu haifiki na hasikii maumivu. Mama daktari atampima mapigo ya damu mguuni, yakiwa mazuri hiyo hofu inapungua sana. Haiishi yote, maambukizi yapo, kidonda kuchelewa kupo, mfupa kukataa kushikana kupo, na kwa wagonjwa wa baridi yabisi ni zaidi kidogo kuliko wengine. Akisaini asaini akijua.

---

fundi_viatu_moshi

Mimi natengeneza viatu tiba na vifaa vya kusaidia miguu, nilisomea hapa hapa Moshi TATCOT, kile chuo kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1981. Nimesoma swali mara mbili na kilichonishtua sio vidole, ni ile sentensi ya mwisho kabisa ya kifundo cha kushoto.

Dada, mguu una mifupa 26, na ya nyuma ndo inaamua ya mbele itakanyaga vipi. Kisigino kikielekea nje na upinde wa mguu ukalala, uzito wote wa mama unapita upande wa ndani na kumalizikia kwenye kidole gumba. Ukikigandisha kidole leo huku nyuma kumelala, kila hatua inakisukuma tena kule kule. Ni kama fundi anaenyoosha mlango wakati msingi wa nyumba umezama upande mmoja, mlango utakwama tena tu. Kwahiyo madaktari wengi wanaangalia kwanza nyonga na goti vimekaaje, alafu kisigino, vidole baadae. Sio sheria ya msahafu, kama kisigino kinanyooka kwa mkono na hakiumi wanaweza kukishika kwa kiatu na kuendelea na vidole. Ila lazima mtu akiangalie!

Nyumbani fanya hivi: mama asimame peku, wewe kaa nyuma yake, piga picha ya visigino vyote viwili. Alafu ajaribu kuinuka kwa mguu mmoja wa kushoto akiwa ameshika ukuta. Akishindwa kabisa, au kisigino hakirudi ndani, inawezekana ile kano inayopita nyuma ya kifundo upande wa ndani imechoka au imekatika. Hiyo picha peleka kwa daktari. Na eksirei ipigwe akiwa amesimama, ya kulala haionyeshi kitu mguu unafanya chini ya uzito, mimi kwenye kazi yangu eksirei ya kulala ni kama picha ya mtu amelala unaulizwa anatembeaje.

Kiatu pekee kingetosha? Kwa mama yako mbele kwa hali uliyoielezea sidhani, labda miaka 10 nyuma. Vidole vikiwa bado vinanyooka ukivivuta na mkono, kiatu kirefu kwa juu, soli laini yenye kijisahani nyuma kidogo ya pale panapouma inasaidia sana na watu wanakaa miaka bila kisu. Vikishakakamaa na kutoka nje kiatu kinapunguza tu. Hata hivyo wakati mnasubiri tarehe, acheni kukata raba kwa kisu, ule ukingo unaenda kuchuna kidole na kuleta kidonda ambacho nesi kakisema. Tafuteni raba ya mtumba namba mbili zaidi, mtoe soli ya ndani iliyokuja nayo muweke ya sponji laini.

Na baada ya operesheni arudi kupimwa upya, mguu unakua mwingine kabisa, kiatu cha zamani kinamharibu.

---

Baba_Marangu

Fundi kasema kweli tupu. Mimi nilifanywa kwa nyuma, kifundo cha kulia kiligandishwa miaka 6 iliyopita, baridi yabisi ilikua imemaliza gegedu lote mfupa unasaga mfupa. Binti kama na wewe mama atafikia huko basi ujue mapema maana kwa watu wa milimani kama sisi ina habari zake.

Wiki 12 nimefungwa hogo (plasta ngumu), nusu ya kwanza bila kukanyaga kabisa. Maumivu yale ya usiku yaliondoka. Tambarare natembea huwezi kujua. Lakini kupanda kwenda kihambani kifundo hakikunji, inabidi niende upande upande kama naongoza ng'ombe, na kushuka baada ya mvua mpaka fimbo. Nilitengenezewa kiatu chenye soli iliyopinda chini kama mtumbwi, kile ndo kilinirudishia mwendo.

Choo ndo hakuna aliyeniambia. Choo cha kuchuchumaa na kifundo kilichogandishwa haviwezekani, na hata kidole gumba kilichogandishwa kinasumbua kuinuka. Nilitoka hospitali nikafika nyumbani ndo nagundua, mwezi wa kwanza ilikua aibu na shida tupu mpaka kijana wangu akajenga cha kukaa.

Kuna pia kubadilisha kifundo kuwekewa cha bandia, nilielezwa. Vile vya mwanzo vya miaka ya 1970 vilikua vinalegea mapema, vya sasa vimeboreka sana, na kwa mtu wa baridi yabisi vina faida yake kwasababu ukigandisha kifundo, viungo vya jirani vinabeba kazi na kwetu vile vya jirani navyo ni wagonjwa. Kwangu mfupa ulikua laini na ngozi mbaya ikaonekana kugandisha ndo salama. Ulizeni tu, msione aibu kuuliza hospitali wanayofanya wanafanya vingapi kwa mwaka.

---

BintiWaKibosho

Wapendwa nimerudi, samahani nimechelewa wiki 2, nilienda nyumbani na mtandao wa kule mnaujua.

Nilipiga picha ya visigino kama fundi alivyosema. Mama hawezi kuinuka kwa mguu wa kushoto hata kidogo, wa kulia anainuka. Tukarudi kwa daktari na picha na maswali yote nimeandika kwenye daftari, nikamwambia samahani daktari leo siondoki mpaka niulize yote. Alikua mzuri tu kwakweli, akakaa na sisi. Eksirei akiwa amesimama ikapigwa, na ya shingo. Shingo iko salama, mapigo ya damu mguuni mazuri yote mawili. Mpango umebadilika: wanaanza mguu wa kulia, vidole, kwasababu huko nyuma kumenyooka, akipona apate mguu mmoja wa uhakika wa kusimamia. Wa kushoto baadae na wataanza na kisigino kwanza, kuna kiungo cha ndani kimeisha ndo wanataka kukigandisha, vidole vya huo mguu mwisho. Kati ya vidole vya kulia kimoja kiungo chake bado kizima, akasema hicho hatakata kichwa, atafupisha mfupa tu ukae sawa. Metho anaendelea, prednisoloni anaendelea.

Tarehe ni baada ya masika, tope likikauka. Kaka amekubali baada ya kumsomea ujumbe wa mama wa Njiro kwa sauti, mama alikua anasikiliza, pale pa kanisani akasema mrudie tena hapo. Shangazi bado, ila amesema atakuja kukaa na mama wiki 6 za kwanza, kwa shangazi hiyo ni kubwa.

Kaka Majengo asante pia, nilimuuliza mama kama kuna unga wowote anameza akakaa kimya kwanza, alafu akatoa kikopo chini ya godoro. Nimekipeleka kwa daktari.

Baba Marangu shikamoo, nilichokuja kuuliza leo ni choo. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na fundi anaanza Jumamosi kujengea cha kukaa. Anauliza kimo gani na vishikio viwe wapi.

---

Baba_Marangu

Marahaba binti. Mpime mama kwanza, toka sakafuni mpaka nyuma ya goti akiwa amekaa na kiatu, alafu uongeze kama vidole vitatu juu ya hapo. Changu kina sentimita 48 ila mimi ni mrefu. Kikiwa kifupi atashindwa kuinuka.

Vishikio weka pande zote mbili, na kimoja kiwe cha kulala kabisa ili aegemee kwa kiwiko sio kwa kiganja, mikono yake haitaweza kushika bomba. Fundi asitumie bomba jembamba, litafutwe nene au lizungushiwe mpira wa baiskeli. Na njia ya kutoka jikoni mpaka chooni imwagwe zege kidogo kabla ya tarehe, lenye kukwaruza, lisiwe la kuteleza.

---

mama_wa_njiro

Na taa. Muweke taa njiani, usiku ndo mara nyingi. Ukishajua tarehe nitumie ujumbe, kiatu changu cha kukanyagia kisigino kipo bado kizima, cha mguu wa kulia, nitakiosha nimpe dereva wa Noah wa asubuhi akilete Moshi.